Pindo la vidole vinne

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Leo sina zile taa za kurekodia, niko jikoni tu hapa Leeds, mtoto amelala chumba cha pili. Keshokutwa Krismasi. Huku Uingereza siku hiyo treni hazitembei, mji unanyamaza kama watu wamehama, na mimi nina zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Lakini sikuja kuwalilia. Nataka niwahadithie habari ya hili gauni. Liangalieni vizuri.

Mwaka jana tulikuja nyumbani, mimi na binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, mara yake ya kwanza kuikanyaga Tanzania. Sisi tukafika Dar, begi lake halikufika. Ndimo lilimokuwa gauni lake la sikukuu. Tarehe 24 alfajiri tukapanda basi Mbezi, twende Tukuyu kwa bibi yake. Kitonga tuliipanda nyuma ya malori, kona baada ya kona, mtoto akatapikia sweta lake, na ndilo hilo hilo moja alilokuwa nalo. Iringa tukaipita. Mafinga tukaipita, mvua ikaanza. Hatujafika Nyololo, basi likakata springi.

Watu wa Dar mkiambiwa Desemba kuna baridi mnaona tunawatania. Njooni Mufindi jioni, mvua inanyesha kwenye zile paina, uone kama mdomo hautatoa moshi. Konda akasema kipuri kinatoka Makambako. Wenzetu wengine wakadandia malori. Mimi na mtoto, usiku, sikuthubutu.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha mabati, taa ya sola inawaka, cherehani inalia. Dada mmoja akatoka na khanga kichwani. "Kamwene, dada. Mtoto atapata baridi huyo, mlete ndani."

Jamani, fundi, mkesha wa Krismasi! Mnaujua usiku wa fundi ule. Nguo za watu zimejaa mpaka kwenye benchi, kila mtoto wa kijiji anasubiri lake, mwingine amepiga hodi mara tatu. Dada yule akasogeza vitenge vya wateja, akatupa nafasi. Akachukua pasi ya mkaa, akainyoosha khanga yake taratibu, pande zote, halafu akamfunika nayo mwanangu ingali ya moto. Sijui niwaelezeje. Mtoto alifumba macho hapo hapo.

Kabla hajalala vizuri, yule dada akamuuliza, "Na wewe gauni lako la sikukuu liko wapi?" Mwanangu akajibu, "Limepotea kwenye ndege." Dada akaitikia tu "pole mama", akarudi kwenye cherehani. Akatuchomea viazi kwenye jiko lake. Wateja wakawa wanakuja, wanachukua nguo, wanaondoka. Nikasinzia.

Nilipofumbua macho nilimkuta amepiga magoti, futi mkononi, anampima mwanangu aliyelala. Kifua, bega, urefu. Anapima huku amebana pumzi asimwamshe. Alikuwa ameokota vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, huyu kipande cha njano, yule cha bluu, akaviunga. Ndiyo maana mnaona mkono huu na huu haufanani. Alishona nguo za watu mpaka akazimaliza, kisha akashona hili. Kulipokucha lilikuwa limeshapigwa pasi.

Nikatoa hela. Akakataa. "Wateja nimeshapata, dada. Ninyi ni wageni." Nikaona nimuwahi, nikaficha noti chini ya mkasi, tukapanda basi. Basi linaanza kuondoka, namwona anakuja mbio kwenye tope, ndala mkononi! Akanirudishia ile hela dirishani, anacheka, akampungia mtoto mkono. Tulifika Tukuyu watu wametoka kanisani zamani. Mama alipoliona gauni alidhani nimelinunua Ulaya.

Sikumuuliza jina. Linaniuma mpaka leo. Kama uko pande za Mafinga, Nyololo, Makambako, na unamjua fundi aliyelaza mtoto mgeni kibandani usiku wa Krismasi, usimwandike hapa hadharani. Mfuate, umwambie tu yule mama wa basi bovu anasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Sasa, jana. Mtoto amekua, gauni limepanda juu ya magoti, na hataki kusikia lingine. Nikaligeuza nione kama litaongezeka. Ndani nikakuta ameacha pindo la vidole vinne, vinne kabisa, limeshonwa kwa mkono, nyuzi za kulegea ili zifumuke kirahisi. Saa tisa ya usiku, ana foleni ya kazi za watu, alikuwa anamfikiria mwanangu atakavyokuwa mwaka unaofuata.

Nimelifumua. Kitenge cha ndani bado kinang'aa, hakijawahi kuona jua. Keshokutwa analivaa.