Bastola ya Risasi Moja Kichakani: Itengeneze kwa Ajili ya Jicho

Ndugu zangu, karibuni. Nimepita pale mezani nikaangalia bastola mlizoleta, zote zikiwa wazi na chemba tupu kama tulivyokubaliana. Karibu zote ni Contender za kampuni ya Thompson/Center, na chache ni Encore, bastola nyingine ya risasi moja ya kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo jinsi zinavyofunguka na faida ya kubadilisha mitutu naviruka, mnavijua. Nimekuja kwa jambo ambalo nimelisema mara nyingi na bado watu hawalisikii: mnaweka darubini kubwa mno.

Tuzungumzie uwindaji wenyewe. Kulungu wa mkia mweupe, au nguruwe mwitu, ndani ya misonobari michanga ya Georgia au vichaka vya rododendroni vya milima ya Appalachia. Mnyama yuko yadi 30, pengine 50. Humwoni mzima. Unaona sikio, kipande cha bega, mguu. Kazi yako ni kutafuta upenyo kati ya matawi unaofika mpaka kwenye bega, na kupitisha risasi moja humo. Ya pili iko mfukoni, haina msaada wa haraka.

Sasa mtu ameweka darubini ya kukuza mara saba, akiniambia, "Mwalimu, nikikuza ndipo nitakapoviona vijiti vizuri." Sivyo hata kidogo! Darubini iliyokuza sana inaona vizuri kwa umbali uliolengwa tu. Kijiti kilicho yadi 3 mbele ya mtutu kinatawanyika kwenye lenzi mpaka kinapotea kabisa. Wewe unaona bega safi. Risasi inakutana na kijiti.

Na kijiti hicho cha karibu ndicho kibaya kuliko vyote. Fanya hesabu. Risasi ikipindishwa nyuzi moja tu, ikiwa imebakiza mita 40 kufika, itakosea kwa takriban sentimita 70. Bega limekwepwa, na huenda umempiga mnyama tumboni. Upindaji uleule ukitokea mita moja kabla ya mnyama, kosa ni chini ya sentimita 2. Kwa hiyo jicho lako linatakiwa kukagua kwanza yadi 10 za mbele yako, na hiyo ndiyo sehemu ambayo darubini kubwa inaificha.

Kuna atakayesema ana risasi nzito, butu, ya mwendo wa pole, inayokata vichaka. Hiyo haipo. Risasi zote hupinda zikigusa tawi, nyepesi na nzito, zenye ncha na butu. Tofauti zipo, lakini hakuna hata moja ya kutegemea. Tena risasi iliyogusa tawi huweza kuanza kuyumba na kufika ubavu-ubavu, isipenye inavyotakiwa. Anayekuuzia risasi ya kukata vichaka anakuuzia ruhusa ya kutotazama. Usinunue.

Weka nini basi? Kilengeo cha nukta nyekundu, kisichokuza, unachokitumia macho yote mawili yakiwa wazi. Ukubwa wa nukta hupimwa kwa MOA, yaani dakika za pembe. Nukta ya MOA 2 hufunika takriban inchi 1 kwa yadi 50; ya MOA 4 hufunika inchi 2. Zote zinafaa. Punguza mwanga wake alfajiri, la sivyo nukta itatanuka na kumeza bega. Asiyependa betri achukue darubini ya bastola ya kukuza mara mbili, yenye nafasi ndefu ya jicho kwa mikono iliyonyooshwa. Darubini ya bunduki ndefu haifai. Kwa umbali huo utaona duara jeusi. Tundu la kuchungulia la nyuma nalo halifanyi kazi vizuri likiwa mbali na jicho.

Kifunge chini kadiri kinavyowezekana. Hili halihusiani na urembo. Kilengeo kikiwa inchi 1.5 juu ya katikati ya mtutu, na umekirekebisha risasi ipige unapotazama kwa yadi 50, risasi kwenye yadi 15 inapita takriban nusu inchi hadi inchi 1 chini ya unapotazama. Maana yake macho yanaweza kupita juu ya tawi huku risasi ikiingia ndani yake. Ukishapata upenyo, hakikisha uko wazi inchi 2 chini ya mstari wa macho pia.

Skrubu za reli inayobeba kilengeo: safisha mafuta kwenye matundu, tia gundi ya skrubu ile inayoweza kufunguliwa, kaza inchi-pauni 15 hadi 20 isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine. Ukizidisha, unazikata. Ukilegeza, mshindo wa risasi kubwa kama .45-70 unazikata kwa niaba yako. Skrubu za kishikio cha mbele nazo zikague. Zikilegea, shabaha inahama bila wewe kujua sababu.

Nyundo. Darubini ndefu inafunika nyundo, ndipo watu wanaongeza kipini cha pembeni ili kidole gumba kiifikie. Kipini hicho kinanasa kila kamba ya mwituni. Nukta nyekundu iliyofungwa mbele kidogo inaacha nyundo wazi, kipini hakihitajiki. Hiyo ni sababu nyingine, kama mlikuwa mnaihitaji.

Wenye Contender za zamani, za tangu 1967, nisikilizeni. Ukikoki, yaani ukivuta nyundo nyuma, halafu mnyama akaondoka, ukaishusha nyundo taratibu, haitakokika tena mpaka ufungue mtutu na kuufunga upya. Kichakani mlio huo unasikika. Toleo la baadaye, la G2, limeondoa tatizo hili. Mwenye ya zamani asikoki mpaka upenyo umeshaonekana. Na ukitoka mtutu wa .22 kwenda .44 Magnum, geuza kiteuzi kwenye nyundo, kile kinachochagua kati ya risasi za kupigwa ukingoni na za kupigwa katikati. Usipogeuza, utasikia "tik" na kulungu amekwenda.

Mtutu, kwa haraka. Inchi 10 za .44 Magnum, risasi ya uzito wa greni 240, zinatosha kwa umbali huu na hazigongi miti. Ganda lina ukingo, kivutaji kinachotoa ganda kinalishika vizuri. Ukipenda .30-30, chukua inchi 14. Kwenye mtutu mfupi baruti nyingi inaungua nje, unapata mwako na kelele badala ya mwendo. Vipunguza mshindo vya mdomoni sivitaki kichakani: vinarudisha mlipuko kwenye masikio na kurusha majani. Weka mpini wa mpira, uvae kinga ya masikio. Ukiegemea mti, egemeza mikono, kamwe usiegemeze mtutu.

Triga mpelekee fundi wa silaha. Iliyolainishwa kupita kiasi inaweza kuachia nyundo iliyokokiwa bastola ikigongwa, na mtutu huo una risasi. Mkanda wa kubebea ninauacha, muda umekwisha.

Sheria, na hili msiondoke bila kulisikia. Hapa Marekani, kufunga kitako cha begani kwenye bastola yenye mtutu chini ya inchi 16 bila usajili ni kosa la shirikisho, chini ya sheria ya silaha ya 1934 (National Firearms Act). Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1992 iliamua kesi ya Thompson/Center wenyewe kuhusu seti yenye kitako na mtutu mrefu, ya kugeuza bastola kuwa bunduki ndefu, na kampuni ikashinda. Lakini kuunganisha kitako na mtutu mfupi kulibaki kosa. Kwa hiyo mtutu mrefu ufungwe kwanza, kisha kitako. Ukirudisha, kitako kitoke kwanza. Mshikio wa wima wa mbele nao usiuweke kwenye bastola. Na kanuni za jimbo lako kuhusu kaliba na urefu wa mtutu kwa kulungu zisome kabla ya kununua mtutu, kwa sababu majimbo hayafanani.