Tazama, andika: kushuhudia watoto wakicheza

Karibuni tena, wapenzi wa saikolojia. Leo tuko chekechea. Ruhusa ya mwalimu na ya wazazi tunayo kwa maandishi, na sura ya mtoto hamtaiona: kamera inaangalia karatasi yangu tu.

Karatasi ndiyo hii. Mistari 20, safu tatu: peke yake, kando ya mwenzake, pamoja. Mildred Parten, mtafiti wa michezo ya watoto, kule Marekani mwaka 1932, alikuwa na makundi sita ya uchezaji, mimi nimepunguza. Tunatazama sekunde 20, tunaandika sekunde 10. Dakika kumi, mtoto mmoja amekwisha.

Sasa hapa, tafadhali sana. Mko wawili, na lazima mwanze pamoja. Msitegemee kila mtu saa yake! Mara yangu ya kwanza mwenzangu alinitangulia mstari mmoja, tukagundua jioni, watoto wameshakwenda kwao. Kazi ya siku nzima ikafa. Rekodi sauti moja kwenye simu, "tazama... andika...", chomeka hedifoni, sikio moja lako, la pili la mwenzako. Narudia: sauti moja, watu wawili.

Haya, mtoto namba 3. Ameketi, anajaza mchanga kwenye kifuniko. Jirani yake anajaza kopo. Hawaangaliani. Tiki, kando. Usiandike "ana aibu". Aibu huioni, unachoona ni macho yaliyoinama.

Lo, mpira umegonga stendi ya kamera. Ngojeni... sawa. Mstari wa 7 umetupita sote. Hatukisii; tunaukata, tunaendelea na wa 8.

Watoto wakikuzunguka kukushangaa, ujue umeanza mapema mno. Njoo siku kadhaa kabla, ukae tu. Nampenda sana mwanasaikolojia Mary Ainsworth kwa hili: kule Uganda, kuanzia 1954, alizitembelea familia 26, kila baada ya wiki mbili, saa mbili hivi kila mara. Mtu huzoeleka hivyo.

Tumemaliza, tunalinganisha. Tumekubaliana mistari 17 kati ya 19, karibu asilimia 89. Nyumbani nitapiga pia kappa ya Cohen, hesabu ya makubaliano inayoondoa yale ya bahati tu, maana watu wawili huweza kukubaliana hata kwa kubahatisha.

Tumetofautiana wapi? Wa 12 na wa 15. Mimi kando, yeye pamoja. Kumbe mtoto alimpa mwenzake kifuniko bila kumtazama! Basi tunaandika juu ya karatasi, sasa hivi: kupeana kitu ni pamoja.

Mtoto namba 4. Hedifoni.