Habari ya Hatari na Mtu Mwenye Uwezo wa Kusimamisha Kazi

Mhadhara kuhusu uongozi katika usalama na afya kazini, uliotolewa mjini Lamu mbele ya mafundi, manahodha, wasimamizi na vibarua

Assalamu alaikum. Wazee wetu, wakuu wa vikundi vya mafundi, manahodha, mameneja wa hoteli, wasimamizi mliotoka bandarini, na ndugu zetu vibarua mliokubali kuacha kazi mapema ili muwe nasi jioni hii: nimeombwa nizungumze kuhusu namna nafasi ya kiongozi inavyobadilika katika usalama na afya kazini. Mada ni pana, nami nitashika jambo moja ndani yake, kwa kuwa naamini ndilo linaloamua mengine. Habari ya hatari humfikia vipi mtu mwenye uwezo wa kusimamisha kazi, na inapomfikia, hufanya nini?

Wenye umri kama wangu tumekulia chini ya nyapara. Nyapara aliwahesabu watu asubuhi, akawahesabu tena jioni, na kati ya hesabu hizo mbili kazi yake ilikuwa kuhimiza. Usalama ukitajwa, ulitajwa kama shughuli ya mkaguzi wa serikali, mtu anayekuja mara moja akaandika na kuondoka. Sheria ya viwanda tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilishughulika zaidi na mashine na jengo: kinga ya mkanda unaozunguka, uimara wa boila, njia ya kutokea moto ukizuka. Mambo hayo ni ya lazima hadi leo, lakini sheria ya namna hiyo haikumuuliza kiongozi anaongoza vipi.

Palikuwa pia na fikra iliyoipa nguvu hali hiyo. Mwaka 1931 Mmarekani H. W. Heinrich, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima, aliandika kwamba asilimia 88 ya ajali za kazini husababishwa na vitendo vya watu visivyo salama. Hesabu hiyo ilienea duniani, na mameneja wengi wakaipenda kwa sababu iliwapunguzia mzigo: mtu akiumia, mtafute alikosea wapi yeye. Waliokuja kuikosoa baadaye walikumbusha kwamba taarifa nyingi alizozitegemea zilikuwa zimeandikwa na wasimamizi. Msimamizi anayeandika sababu ya ajali iliyotokea chini ya mikono yake mwenyewe ana haraka ya kuandika neno uzembe, na neno hilo likishaandikwa, uchunguzi umekwisha.

Mageuzi ya sheria yalianza kuonekana wazi Uingereza, ambako ripoti ya Lord Robens ya mwaka 1972 ilizaa sheria ya mwaka 1974. Msingi wake ni kwamba wanaoizalisha hatari pamoja na wale wanaofanya kazi ndani yake ndio wa kwanza kuwajibika kuidhibiti, naye mkaguzi huja nyuma yao. Kwetu Kenya, fikra hiyo imo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inahusu kila mahali panapofanyika kazi, iwe ya muda au ya kudumu, kwa hiyo asije mtu akasema kwamba ukarabati wa nyumba ya mawe huku mtaa wa Langoni si kiwanda na hivyo sheria haimhusu. Inamtaka mwajiri awe na sera ya usalama iliyoandikwa, na panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya ambamo upande wa wafanyakazi una wawakilishi wake. Na kifungu cha 14, ambacho ningependa kila kibarua aliyemo humu akijue, kinamtaka mfanyakazi amweleze msimamizi wake hali yoyote anayoamini kwa sababu za msingi kwamba ni hatari kubwa au ya karibu; na mpaka hali hiyo irekebishwe, mwajiri haruhusiwi kumwamuru arudi penye hatari.

Sheria, basi, tunayo. Sasa tuitazame habari yenyewe inavyosafiri, au inavyokwama.

Chukueni ukuta unaopakwa upya katika kichochoro chochote cha mji huu. Jukwaa ni la boriti, limefungwa kwa kamba, na upande mmoja kamba inasuguana na jiwe la tumbawe lililotokeza ukutani. Kijana anayepandisha karai za chokaa anaiona saa mbili asubuhi: nyuzi tatu zimekatika, zimesimama kama ndevu. Fundi mkuu ni ami yake, ndiye aliyemtafutia kazi. Malipo ni ya kutwa. Mwenye nyumba anataka ukuta uishe kabla ya wageni kufika, na vijana wengine wanne wamekaa ufukoni wakisubiri kuitwa. Kijana anakaza fundo moja, anajitwisha karai, anapanda. Habari ya kamba ile imeishia kwenye vidole vyake.

Hakuna aliyemtisha kijana yule. Ami yake ni mtu mpole na fundi hodari. Lakini kila kitu kilichomzunguka kilimwambia kwamba kusema kuna gharama na kunyamaza hakuna, na aliyepanga mambo hayo, kwa kujua au kwa kutojua, ni kiongozi. Kanuni tunaweza kuziongeza kila mwaka, na kofia ngumu tunaweza kuzinunua kwa mamia, lakini kiongozi wa leo hupimwa kwa hatua ile ndogo baina ya macho ya kijana na masikio ya ami yake.

Msidhani ni tabu ya mafundi wadogo tu. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini huko Uskoti, jukwaa la kuchimba mafuta la Piper Alpha liliungua na watu 167 wakafa. Pampu moja ilikuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, na taarifa hiyo haikuwafikia walioingia zamu ya usiku, wakaiwasha. Majukwaa jirani yaliyounganishwa nayo kwa mabomba yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku moto ukionekana, kwa sababu waliokuwa na dhamana huko hawakujiona kuwa na idhini ya kusimamisha uzalishaji bila kauli ya wakubwa. Yaani watu waliuona moto kwa macho yao wakangoja ruhusa. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, mengi yakihusu uongozi na utaratibu wa kampuni kuliko vifaa.

Miaka ishirini na mitano baadaye, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza tarehe 23 Aprili 2013. Benki iliyokuwamo katika jengo hilo iliwarudisha wafanyakazi wake nyumbani. Washonaji wa nguo katika ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake, jengo likaanguka, na watu 1,134 wakafa. Huniuma kila ninapoitaja habari hii, kwa sababu habari ya hatari ilifika mpaka juu kabisa. Haikukwama popote. Iliwafikia viongozi wenye uwezo wa kusimamisha kazi, na viongozi wale wakaipima dhidi ya tarehe ya kupakia mzigo.

Upo mfano wa upande wa pili. Paul O'Neill alipochukua uongozi wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa mwaka 1987, aliwaambia wawekezaji katika mkutano wake wa kwanza kwamba kipaumbele chake ni usalama wa wafanyakazi, na baadhi yao wakaondoka wakidhani kampuni imepata mkuu asiyejua biashara. Alikusudia alichosema. Mwaka 1996 alimwondoa kazini mmoja wa wakuu wake, mtu aliyekuwa akileta faida, baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja nchini Meksiko walidhurika kwa moshi na habari haikupelekwa makao makuu. Kilichomwangusha mkuu yule, zaidi ya ajali, ni ukimya. Kila meneja wa kampuni ile alijua tangu siku hiyo kipi kingemgharimu zaidi, kusema au kuficha. Nawaomba viongozi mliomo humu mlitafakari hilo kuliko tuzo na mabango ya usalama tunayoyabandika ukutani.

Sasa nirudi kwetu, kwenye jambo ambalo wataalamu kutoka mbali hawatatusaidia kulitatua. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa. Mdogo hamsahihishi mkubwa mbele ya watu, wala baharia hamwambii nahodha kwamba upepo umezidi. Heshima hiyo ni mali yetu na siombi tuitupe. Ninachosema ni kwamba, kwa kuwa mdogo hawezi kuanza, basi mkubwa lazima aanze. Nahodha anayevusha abiria kutoka Mokowe wakati wa kusi asingoje baharia amshauri. Amuulize kabla ya kung'oa nanga, akimtaja kwa jina, kuna nini leo ambacho hakukipenda. Swali la "mko tayari?" lina jibu moja tu, na kila mtu analijua. Mtu akiulizwa ni wapi panapomtia wasiwasi, amepewa ruhusa ya kujibu bila kuvunja adabu. Kisha nahodha afanye jambo moja analoonekana nalo: abadilishe kitu kwa sababu ya jibu lile, hata kama ni kuyatoa majaketi ya kuokoa maisha chini ya turubai na kumvalisha kila abiria. Baharia akiona maneno yake yamesogeza kitu, kesho atasema tena.

Kwa wasimamizi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi Mei 2021, nitasema machache, maana nyinyi mna taratibu zilizoandikwa na maofisa waliosomea kazi hii. Hatari yenu ni ya kinyume. Karatasi zikijazwa vizuri, kiongozi huweza kukaa ofisini akiamini kwamba amesikia. Shukeni gatini wakati wa kubadilisha zamu, kwa sababu saa hiyo ndiyo habari hupotea, kama ilivyopotea ya pampu ile ya Uskoti.

Na afya? Tumezoea kuitaja baada ya usalama kana kwamba ni mkia wa neno. Chokaa na saruji huichoma ngozi taratibu, vumbi la mbao na la mawe hukaa kifuani miaka mingi kabla halijasema lolote, na jua la mwezi wa Machi humwangusha kibarua ambaye hakupewa maji wala kivuli. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni tatu hufa kila mwaka kwa sababu zitokanazo na kazi, na wengi wao huuawa na maradhi kuliko ajali. Fundi jahazi wa Matondoni aliyekatwa na tezo mguuni, kila mtu atamwona. Fundi anayekohoa hataonekana mpaka kiongozi amuulize, na aulize tena baada ya miezi. Shirika hilohilo, mwezi Juni 2022, liliyaingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za kazi, zile ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijaridhia mikataba yake.

Nimebakiwa na jambo la pesa, na ndilo gumu kuliko yote. Kazi ikisimamishwa kwa sababu kamba imelika, nani analipa saa mbili za kuifunga upya? Katika maeneo mengi ya ujenzi ninayoyajua, anayelipa ni kibarua, maana asiyefanya kazi hahesabiwi. Hapo tumemwambia mtu wa kipato cha chini kabisa kwamba usalama wa wote utatoka mfukoni mwake, kisha tunashangaa amenyamaza. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya zisiwe na gharama yoyote kwa mfanyakazi, nami naona saa ya kusimama ni gharama kama vile glavu na buti zilivyo gharama. Mwajiri anayeona hilo ni ghali aitazame na Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya mwaka 2007, ambayo kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu hukadiria fidia ya mishahara ya miezi 96.

Kwa hiyo naomba mafundi wakuu mliomo humu, kabla ya kukubaliana bei na mwenye nyumba kwa kazi inayofuata, mtie sharti moja katika makubaliano, liandikwe na lisomwe mbele ya vibarua wote asubuhi ya kwanza: saa yoyote ambayo kazi imesimama kwa sababu mtu ameripoti hatari italipwa kama saa ya kazi, na aliyeripoti hatatafutiwa mtu wa kumrithi. Mwenye nyumba akikataa, mwulizeni mbele ya watu haohao ni hatari ipi anayotaka isiripotiwe.