Jenerali Shinseki na jibu alilolitoa mbele ya Seneti

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, hamjambo. Wengi mmeniomba nieleze jinsi afisa wa jeshi anavyopanda ngazi huku Marekani, nami nimeona ni heri niwasimulie habari za mtu mmoja ninayemheshimu sana, Jenerali Eric Shinseki, kuliko kuwasomea orodha ya vyeo.

Alizaliwa mwaka 1942 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kwenye familia yenye asili ya Japani, wakati Marekani ilipokuwa vitani na Japani na watu wa asili hiyo wakitazamwa kama maadui ndani ya nchi yao wenyewe. Alihitimu West Point, chuo cha kuwafunza maafisa wa jeshi la Marekani, mwaka 1965, akapelekwa Vietnam mara mbili, na huko akakanyaga bomu la kutegwa ardhini lililomkata sehemu ya mguu. Wengi wangechukua kiinua mgongo na kwenda zao. Yeye alipigania kubaki jeshini, akasoma shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Duke, akafundisha West Point, na baada ya kuongoza kikosi cha NATO cha kulinda amani huko Bosnia, mwaka 1999 akateuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu.

Hiyo Bosnia naomba muishike. Tarehe 25 Februari 2003, wiki chache kabla ya Irak kuvamiwa, Seneta Carl Levin alimuuliza ni askari wangapi watakaohitajika baada ya vita. Kwanza hakutaka kutaja idadi. Alipobanwa atoe angalau makadirio, akasema ni laki kadhaa, kwa kuwa nchi ni kubwa, ina mivutano ya makabila, na wananchi wake lazima wale, wapate maji na wawe salama. Hayo alikuwa ameyaona kwa macho yake huko Bosnia. Siku mbili baadaye, Naibu Waziri wa Ulinzi Paul Wolfowitz alilikanusha kadirio hilo hadharani, akisema ni vigumu kufikiri kwamba kulinda amani kungehitaji askari wengi kuliko vita vyenyewe. Baghdad ilipoanguka mwezi Aprili, waporaji waliingia hata katika Makumbusho ya Taifa wakabeba vitu vya kale, na askari wa kuwazuia hawakuwapo.

Husemwa kwamba alifukuzwa kwa jibu lile, lakini si kweli: alimaliza miaka yake minne na kustaafu Juni 2003, ingawa Waziri wa Ulinzi na naibu wake hawakuhudhuria sherehe ya kumuaga. Na kwa kuwa askari waliokuwapo hawakutosha kuituliza nchi, mwaka 2007 Rais Bush aliongeza zaidi ya askari 20,000 huko Irak.

Mwaka 2009 Rais Obama alimfanya Waziri wa Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, na hapo sitamficha. Mwaka 2014 ilibainika kwamba hospitali ya wizara yake huko Phoenix ilificha muda halisi ambao wagonjwa walikuwa wakisubiri kumwona daktari. Alikiri kwamba aliamini mno taarifa alizoletewa, akajiuzulu tarehe 30 Mei. Kwangu mimi hilo ndilo zito zaidi katika maisha yake ya kazi: aliyewaambia wakubwa wake ukweli wasioutaka alikosa, katika ofisi yake mwenyewe, wa kumwambia yeye ukweli kwa wakati.