SIO SHEMEJI YENU JAMANI, NI MBWA ANAKOROMA

Haya mambo vipi watu wangu wa Moshi, Kiboriloni mpo, Majengo mpo, Pasua nyie nawasikia mpaka huku, leo nipo chumbani kwangu hapa Leeds, Uingereza, na naongea kwa sauti ya chini maana mhusika mkuu amelala hapo nyuma na nataka mumsikie wenyewe. Subirini kidogo... mmesikia? Hiyo sio bodaboda inapandisha Kibosho. Huyo ni Alfie.

Alfie ni bulldog wa bibi mwenye nyumba, mimi nimepanga chumba tu, na uso wake umebonyea kama sufuria lililoanguka kwenye simenti. Sasa wiki iliyopita mama kanipigia video kol, huku saa moja jioni, huko kwenu saa nne usiku, tunapiga stori zetu za ndizi na bei ya mbolea, mara mama ananyamaza. "Nani huyo anakoroma?" Nikamwambia mama, ni mbwa. Kimya. "Mbwa." Ndio mama. "Yupo ndani?" Ndio mama, ana na blanketi lake. "Hebu geuza kamera." Aisee nageuza, na Alfie siku hiyo kajifunika gubigubi, kinachoonekana ni blanketi tu linapanda na kushuka kama kuna baba mzima mle katoka shifti ya usiku. Mama akasema sawa mwanangu, ulale salama. Ile sawa mnaijua. Asubuhi kwenye grupu la familia mama mdogo anauliza mkwe ni mtu wa wapi.

Na kukoroma ni cha mtoto. Kuna kufoka kwa ndani, yaani anabweka mdomo umefungwa, bup bup, mashavu yanajaa upepo. Kuna mluzi wa pua. Kuna kuguna kwa mzee aliyekumbuka deni. Afu kuna ule mlio wa kulia uuuuu mrefu saa nane za usiku, siku ya kwanza kuusikia nilikaa kitandani nikaanza kuomba, mnajua tulivyoambiwa utotoni mbwa akilia usiku ameona nini. Nikashuka nikamgusa bega nimbembeleze, akakurupuka kaning'ata mkono wa sweta, bahati nzuri nguo tu. Bibi akanisema kweli kweli: mwite jina kwa mbali, usimguse. Ndio yale yale ya aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, ila huyu ana meno.

Basi nikaanza kusoma. Kumbe mbwa akishalala kama dakika 20 hivi anaingia kwenye ule usingizi wa ndoto ambao na sisi tunao, macho yanacheza chini ya kope, pumzi inaenda ovyo. Watu wa Chuo Kikuu cha Chicago ndio walioandika kuhusu hayo macho kwa binadamu mwaka 1953. Na kwenye shina la ubongo kuna sehemu inaitwa ponsi, kazi yake muda huo ni kufunga misuli ili usiamke ukaanza kukimbia kweli, ila kufuli halibani vizuri sana, linavuja, ndio maana miguu inatetemeka na kibweko kinatoka nusu nusu. Watoto wa mbwa na vizee ndio wanavujisha zaidi. Ufaransa kuna mtafiti alikuwa anaitwa Michel Jouvet, aliharibu hiyo sehemu kwa paka, paka akawa ananyanyuka usingizini anawinda kitu hakipo. Mimi sikupenda hiyo stori lakini ndio hivyo.

Kukoroma kwa Alfie ni habari nyingine, pua zimebana, nyama ya koo ndefu kuliko nafasi iliyopo, tumewazalisha hivyo wenyewe afu tunacheka. Mkiona mbwa wa hivyo anakata pumzi usingizini muoneni daktari wa mifugo. Na ukimwita haamki, mwili umekakamaa kama ubao, mkojo unatoka, hiyo sio ndoto, huenda ni kifafa. Wala msichanganye na kichaa cha mbwa, kile mnakiona akiwa macho, sauti imebadilika, udenda, anang'ata hata mawe, huyo msimsogelee, na akimng'ata mtu osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 afu hospitali moja kwa moja.

Sasa nikamuuliza mama, na Tomi wetu je? Mama akasema Tomi haoti, Tomi mlinzi. Ila si mnajua mbwa wa kwetu, mchana kafungiwa bandani, usiku ndio anafunguliwa, nani ataona analalaje? Juzi mama baada ya kula kachukua kigoda kakaa kando ya banda pale kwenye migomba, kanitumia voisi. Nasikia Tomi analia kidogo kidogo, afu bati la banda, kwa kwa kwa kwa. Jamani. Lile bati! Miaka yote tulikuwa tunasema ni panya, baba mpaka alinunua sumu, kumbe ni miguu ya Tomi inakimbia.

Mwisho wa voisi mama anasema kwa sauti ya chini asimwamshe, "Anakimbiza nani sasa, na nimemfungia mwenyewe?" Akanyamaza kidogo. Afu akaongeza, "Ila huyu wa kwetu hakoromi. Huyo wako ndio anakoroma."