Kabla Hamjaniuliza Tena Kuhusu Bembea za Kennywood

Ndugu zangu watazamaji, assalaam alaykum. Leo ninazungumza nanyi nikiwa barazani kwa mama yangu, hapa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo mniwie radhi mkisikia bodaboda zikipita. Nimekuja likizo ya wiki tatu na sikukusudia kurekodi chochote, lakini tangu niweke ile video ambayo nilionekana nikipiga mayowe ndani ya kibehewa kinachoporomoka huko Kennywood, bustani ya michezo nchini Marekani, swali mnaloniandikia ni lile lile kila siku: kiingilio ni shilingi ngapi, na je, fedha hiyo isingesaidia kuezeka lile boma la Pongwe?

Ninajua kwamba nikisema pale ni pazuri nitaambiwa ninajivuna, na nikitaja gharama nitaambiwa ninalia njaa mapema ili nisiombwe. Basi nieleze kama palivyo. Tiketi ya Kennywood haina bei moja. Hubadilika kulingana na siku, na anayeinunua mapema mtandaoni hulipa pungufu ya yule anayefika getini na pochi mkononi. Mimi siku ile niliingia kwa tiketi ya punguzo iliyouzwa shuleni kwa mwanangu, kwa sababu shule na miji ya jirani hutengewa siku zao za mandari, na utaratibu huo una umri mkubwa kuliko sisi sote tuliokaa hapa barazani. Fedha yenyewe isingefika nusu ya bati za chumba kimoja. Na kwa kuwa mmelitaja boma, fedha za bati nilizituma mwaka juzi, zikapokelewa. Aliyezipokea nilikutana naye msibani juzi, akageuka kuangalia mnazi. Hilo tuliache.

Kinachoniudhi zaidi ni kuambiwa kwamba nimekwenda kwenye starehe za matajiri. Kennywood ipo West Mifflin, nje kidogo ya jiji la Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, juu ya mwinuko mkali unaotazama mto Monongahela. Ukisimama pale unakiona ng'ambo kiwanda cha chuma cha Edgar Thomson, ambacho tajiri wa chuma Andrew Carnegie alikianzisha mwaka 1875 na ambacho bado kinafanya kazi. Mwaka 1898 kampuni ya tramu, yaani treni ndogo za mitaani, iliyoitwa Monongahela Street Railway ilikodi shamba la familia ya Kenny, ambako watu walikuwa wamezoea kwenda kupumzika chini ya miti, ikaligeuza kuwa bustani ya michezo. Sababu ilikuwa ya kibiashara: siku za kazi tramu zilijaa watu, lakini siku za mapumziko zilitembea tupu, na kampuni ikaona ni heri kumpa abiria mahali pa kwenda kuliko kumsubiri. Sisi watu wa Tanga reli tunaijua, maana ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, lakini ya kwetu ilifuata mazao ya mashamba ya walowezi, wala haikujisumbua kumtafutia abiria mahali pa kucheza. Baadaye bustani ile ilishikwa kwa miaka mia moja hivi na familia mbili, Henninger na McSwigan, kisha ikauzwa kwa kampuni ya Hispania mwaka 2007, na mwaka 2025 ikarudi mikononi mwa kampuni ya Marekani.

Sasa nije kwenye kile kibehewa. Kinaitwa Jack Rabbit, ni rola kosta ya mbao iliyojengwa mwaka 1920 na mbunifu John Miller, nayo inafuata bonde lenyewe la shamba, ndiyo maana unaanza kuteremka kabla hujapandishwa popote. Halafu mnyororo unaikamata treni kwa chini na kuivuta mlimani, na hapo husikika mlio wa ta-ta-ta-ta ambao wengi wenu mmeniuliza kama ni ubovu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi baiskeli, kama nusu ya mtaa huu, na mimi niliutambua mlio ule kabla sijafika juu: ni ule ule wa friwili unaporudisha pedeli nyuma. Ulimi wa chuma unaruka jino baada ya jino, ili mnyororo ukikatika treni inase pale pale ilipo, isirudi kinyumenyume. Jambo la pili sikulijua mpaka nilipochungulia chini ya behewa lililokuwa limesimama: pamoja na magurudumu yanayokanyaga reli, kuna mengine yanayoishika kwa chini. Miller ndiye aliyebuni mpangilio huo, na bila huo ule mteremko maarufu wa futi 70, yaani mita 21 hivi, usingewezekana, kwa kuwa treni inaporomoka, inanyooka kidogo kama inayotaka kukuonea huruma, kisha inaporomoka tena, na ile mara ya pili wewe unabaki hewani juu ya kiti. Yale mayowe yalitoka hapo. Sikuyaigiza.

Ipo pia Phantom's Revenge, ya chuma, inayofikia kilomita 137 kwa saa na ambayo mteremko wake wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza, lakini hiyo niliipanda mara moja na sina nia ya kurudia. Racer ya mwaka 1927 naipenda zaidi: treni mbili zinashindana, na anayeondoka upande wa kushoto hurudi upande wa kulia, kwa sababu reli zile mbili kwa hakika ni njia moja iliyojizungusha.

Jina la Kennywood nililisikia kwa aibu. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kazini huko Pittsburgh, mzee mmoja akaninong'oneza kwamba Kennywood iko wazi. Nikamshukuru, nikamwambia nitakwenda Jumamosi. Nilikuja kuelewa jioni, nikiwa ndani ya basi, kwamba watu wa Pittsburgh wanapokwambia hivyo wanakustahi tu: zipu ya suruali yako haijafungwa.

Mwenzangu mmoja ameniandikia kwamba ningekuwa na uchungu ningempeleka mama. Nimejaribu. Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tulianza na hati ya kiapo, kisha cheti, kisha pasi, na kila karatasi ina foleni yake na nauli yake. Wakala wa kujaza fomu, ambaye sitamtaja, alichukua malipo mara mbili na kuandika mwaka wa kuzaliwa ambao ungemfanya mama awe mdogo kuliko dada yangu mkubwa. Ada ya ombi la viza ya Marekani ya matembezi tuliyolipa ilikuwa dola 185, wakati ule karibu shilingi laki tano, nayo hairudishwi hata ukikataliwa. Mama alikaa dirishani ubalozini dakika chache, akarudishiwa pasi yake pamoja na karatasi ya kukataliwa. Hayo yalitukuta sisi. Wapo waliopata kwa siku moja, na simshauri mtu aombe au asiombe, kwani kila mtu ana mambo yake. Ninachoweza kusema ni kwamba safari hii fomu nimeijaza mwenyewe, jana usiku, na mama akinisomea tarehe kutoka kwenye cheti.

Tulipomaliza nilimwonyesha video nzima. Treni amezikataa, akauliza ni nani aliyewaruhusu watu wazima walie vile hadharani. Nikamwonyesha jukwaa la farasi wa mbao wanaozunguka, lililochongwa na karakana ya Dentzel mwaka 1926, ambalo miongoni mwa farasi wote wale lina simba mmoja na chui milia mmoja. Akaniomba nisimamishe picha, akavaa miwani, akamtazama yule simba kwa muda.

"Huyu nitampanda," akasema. "Ila nikae upande mmoja, miguu pamoja, na wewe usirekodi."