Asidi Ipi? L au D?

Ndugu zangu, nimelisema hili katika kumbi nyingi na leo mtanivumilia tena: “tumepata asidi laktiki”, ile asidi ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwenye sukari, si jibu. Asidi ipi? L au D? Atomu ni zilezile, zimeungana vilevile, ila moja ni sura ya mwenzake kwenye kioo, kama kandambili ya kushoto na ya kulia.

Chukueni mtindi. Kuna bakteria wawili humo: Streptococcus thermophilus anatoa L, Lactobacillus bulgaricus anatoa D. Mnywaji hana shida. Lakini anayetaka PLA, plastiki inayotengenezwa kwa asidi laktiki, ameumia. PLA ya L tupu huyeyuka kwenye nyuzi 175 hivi za Selsiasi. D ikiingia asilimia chache tu, kiwango hicho cha kuyeyuka kinashuka. Ikizidi, plastiki haifanyi fuwele kabisa. Kikombe cha namna hiyo kimiminie chai ya moto uone.

Mambo yote yanaanzia kwenye piruveti, kipande ambacho bakteria hukipata akivunja sukari. Molekuli hiyo haina kushoto wala kulia. Kimeng’enya, laktati dehidrojenasi, huishika kwa namna moja tu, hidrojeni ikaingilia upande mmoja tu. Mwenye kimeng’enya cha L hutoa L, mwenye cha D hutoa D. Lactiplantibacillus plantarum anavyo vyote viwili, na yumo tele kwenye vyakula vilivyochachuka! Akipenya kwenye tangi lako la molasi, ile sukari unayowalisha bakteria, usafi wa L au D umekwenda. Ndiyo maana nikisikia “tutatumia bakteria wa maziwa lala wa nyumbani” nauliza: mmewatenga? Mmewapima?

Mtasema mkemia atatenganisha baadaye. Kwa kutumia nini? L na D huyeyuka kwenye joto lilelile na huchemka kwenye joto lilelile. Mwaka 1848 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alichambua fuwele za chumvi ya asidi tartariki kwa mkono, na alibahatika: chumvi ile hujitenga yenyewe inapoganda, fuwele za kushoto mbali na za kulia mbali. Nyingi hazifanyi hivyo. Na ukiacha bakteria ukaanzia kwenye kemikali, asetaldehidi na sianidi ya hidrojeni, unapata L na D nusu kwa nusu.

Naona mkono kule nyuma. Thalidomidi, ile dawa iliyolemaza watoto tumboni, ambayo husemwa umbo moja linatibu na jingine linadhuru, sivyo? Mfano mbaya. Ile hujigeuza ndani ya mwili hata ukimeza umbo moja. Tuiache.

Muda umekwisha, na sijagusa jasi: asidi ikizidi bakteria hulala, unatia chokaa kuituliza, kisha asidi salfuriki kuirudisha asidi laktiki, unabaki na taka ya jasi, karibu tani moja kwa kila tani ya asidi laktiki. Hilo lina mhadhara wake. Mwenye mradi wa molasi anione hapo nje, ila aje na vipimo vya L na D, kila kimoja peke yake.